Kifurushi cha vipimo vya kinga kwa mwenye soriasisi: ningechukua nini tena, ningeacha nini

Hakuna kipimo cha damu kinachogundua soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Naliweka hili mbele kwa sababu kijaratasi cha maabara niliyokwenda hakikulisema, na mtu akikisoma haraka anaweza kudhani ataambiwa kama anao ugonjwa au hana. Daktari wa ngozi huutambua kwa macho na vidole: mabaka mekundu, au ya zambarau iliyokolea kwa sisi wenye ngozi nyeusi, magamba yanayong'aa, viwiko, magoti, kichwani, kucha zenye vishimo vidogo vidogo. Akiwa na shaka hukata kipande kidogo cha ngozi kikaangaliwe kwa hadubini. Damu huja baadaye na kwa kazi nyingine: kuona kama dawa haziumizi ini na uboho, kama kuna maambukizi yaliyojificha, na kama mchochota umepungua, yaani ule moto wa ndani unaoleta wekundu, uvimbe na maumivu. Hili la mwisho damu inaliweza kwa kiasi, tena kidogo kuliko matangazo yanavyoahidi.

Mimi nina soriasisi tangu nikiwa sekondari. Ilianzia kwenye viwiko, ikapanda kichwani na nyuma ya masikio, miaka ya karibuni ikaingia na kwenye vidole vya mikono, nikawa naamka asubuhi siwezi kukunja ngumi. Nimetumia vidonge vya methotreksati, dawa inayotuliza kinga, kwa muda mrefu, kisha daktari akanihamishia kwenye sindano ya sekukinumabu. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo karatasi yenye safu za tarakimu hainitishi, na tarakimu isiyoeleza imetoka wapi hainipiti. Kifurushi hiki nilikichukua mara ya kwanza nikiwa bado kwenye vidonge, nikakirudia baada ya sindano kukolea. Nimeona pande zote mbili za matibabu, ndiyo maana naandika.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na picha kamili ya damu, ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama), CRP ya kawaida (protini inayopanda mchochota ukiwepo), CRP ya unyeti wa juu, uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe), vimeng'enya vya ini, figo, kipimo cha kifua kikuu kwa njia ya damu, na mwishoni kile ambacho kijaratasi kilikipamba kuliko vyote: saitokini, yaani IL-6, IL-17A (IL ni kifupi cha intalukini) na TNF alfa. Saitokini ni protini ambazo seli za kinga hutumiana kama maagizo. Kwenye soriasisi mlolongo wake unajulikana vizuri sana siku hizi. Seli za doria kwenye ngozi hutoa intalukini 23, hiyo huzistawisha seli T, askari wa kinga, za aina fulani, nazo hutoa intalukini 17, na intalukini 17 huziambia seli za ngozi zizaane haraka na kuziita nyutrofili. Ngozi ambayo kwa kawaida hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja hujibadilisha kwa siku chache, magamba yakarundikana. Dawa mpya zote za sindano zimetengenezwa kukata mlolongo huo mahali fulani. Kwa hiyo mtu akikwambia anaweza kukupimia intalukini 17 kwenye damu, unashawishika, na mimi nilishawishika kwa nia njema kabisa.

Huduma yenyewe ya kutoa damu naisifu bila kubakiza. Kijana aliyenihudumia aliniuliza kama nina mafua, kama nimechanjwa karibuni, kama nimefanya mazoezi makali asubuhi ile. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Dada, ukiwa na mafua CRP itapanda, halafu utadhani ni ngozi." Sawa kabisa. IL-6 nayo hupanda baada ya mazoezi. Alitafuta mshipa mbali na baka lililokuwa karibu na kiwiko, hakusugua ngozi kwa nguvu wakati wa kusafisha, na hilo wenzangu mtalielewa, maana ngozi yetu ikikwaruzwa inaweza kuota baka jipya palepale.

Kilichonivutia zaidi ni vichupa vya kipimo cha kifua kikuu. Viko vinne. Cha kwanza hakina kichochezi chochote, cha pili na cha tatu vimepakwa ndani protini za bakteria wa kifua kikuu, cha nne kimepakwa mitojeni, dawa inayoamsha seli T yoyote iliyo hai. Kijana alivitikisa taratibu mara kumi, damu ipite ukuta wote wa ndani, akavipeleka kwenye joto la nyuzi 37. Hukaa humo saa 16 hadi 24, kisha hupimwa interferoni gama, protini ambayo seli hizo hutoa zikiamshwa. Kama seli zako zimewahi kukutana na bakteria hao, zitaitoa kwa wingi kwenye kichupa cha pili au cha tatu. Mpaka unaotumika ni 0.35 baada ya kutoa kile cha kichupa cha kwanza. Kichupa cha nne ndicho ningependa kila mgonjwa akijue. Hicho kikikaa kimya, pengine kwa sababu dawa zimeituliza kinga kupita kiasi, majibu hayawi "huna". Yanakuwa hayasomeki, na inabidi kurudia au kutumia njia nyingine. Kwangu kichupa cha nne kilijibu kwa nguvu mara zote mbili, na vile vya kifua kikuu vikabaki chini. Hapo nilipata nilichokilipia. Dawa zinazozuia TNF, kama adalimumabu, zinaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala mapafuni, na mtu hatakiwi kuanza dawa hizo kabla ya kujua.

Lakini kifurushi chenye jina la kinga kilisahau homa ya ini ya B, na hilo ni pengo kubwa. Kirusi hicho nacho kinaweza kulala kikaamshwa na dawa zinazopunguza kinga. Mtu anayejiandaa kuanza sindano anapaswa kupimwa antijeni ya uso wa kirusi (protini ya ganda lake la nje) pamoja na kingamwili dhidi ya kiini chake, kwa sababu ya kwanza peke yake inaweza kuwa safi hali kirusi kimewahi kupita. Mimi nilipimwa kliniki. Anayetegemea kifurushi hiki pekee atatoka bila kupimwa, huku karatasi yake imejaa tarakimu ambazo hazina uzito hata nusu ya hizo.

Tuje kwenye CRP. Hii ni protini ya ini. Iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis kwenye Taasisi ya Rockefeller, kwa wagonjwa wa nimonia. IL-6 ikipanda, ini hutoa CRP ndani ya saa chache. Chanzo kikizimika, nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19. Kwa hiyo inakupa habari za juzi na leo. Kwa mwenye soriasisi ya ngozi peke yake mara nyingi iko kawaida au imepanda kidogo tu, hata kama mwili umejaa mabaka. Viungo vikiingia ndipo huwa na la kusema, na hata hapo wagonjwa wengi sana wenye soriasisi ya viungo wana CRP ya kawaida. Ninasisitiza kwa sababu nimekutana na mama mmoja kwenye foleni ya kliniki, kidole kizima kimevimba tangu kwenye ukucha hadi kiganjani, ameambiwa damu yake ni safi kwa hiyo hana ugonjwa wa viungo. Kidole kizima kikivimba namna ile, ukucha una vishimo, asubuhi mikono imekakamaa zaidi ya nusu saa, mtu huyo anahitaji daktari wa viungo, CRP iseme isemavyo. Na kipimo cha kingamwili za baridi yabisi kwetu kwa kawaida hutoka hasi, kwa hiyo nacho kikitoka hasi hakijamaliza maneno.

Sasa karatasi. Kabla ya hapo nilikuwa napima CRP maabara nyingine, wakiandika kwa miligramu kwa lita. Nilikuwa na 9 wakati vidole vilipokuwa vibaya. Karatasi ya kifurushi ikaja na 0.6. Mgonjwa yeyote aliyezoea 9 akiona 0.6 atashukuru Mungu na kumpigia simu mama yake. Kipimio kilichoandikwa pembeni, kwa herufi ndogo mno, kilikuwa miligramu kwa desilita. Maana yake ni 6 kwa kipimio nilichokizoea: imeshuka, ndiyo, ila bado iko juu ya 5 ambayo maabara nyingi huihesabu kuwa ukomo wa kawaida. Mistari miwili chini yake palikuwa na CRP ya unyeti wa juu, hiyo sasa imeandikwa kwa miligramu kwa lita. Protini ileile, sampuli ileile, karatasi ileile, vipimio viwili tofauti. Kwenye vitabu vya hesabu ningemrudishia aliyeandika arekebishe kabla sijaweka sahihi, na hapa nilifanya hivyohivyo: niliandika ombi, na raundi ya pili kipimio kilikuwa kimoja. Hilo nawapongeza nalo. Wanasikia.

Ila swali la kwa nini wanauza CRP mbili halikujibiwa. CRP ya unyeti wa juu ni protini hiyohiyo iliyopimwa kwa chombo kinachoona viwango vya chini sana, na kazi yake kubwa ni kukadiria hatari ya moyo: chini ya 1 ni hatari ndogo, kati ya 1 na 3 ya wastani, juu ya 3 kubwa, kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2003. Soriasisi kali kweli huongeza hatari ya magonjwa ya moyo, kwa hiyo swali lenyewe lina maana kwetu. Lakini mwongozo huohuo unataka kipimo kifanyike mara mbili, majuma mawili yakiwa yamepita katikati, ukiwa mzima wa mafua na vidonda. Kukipima mara moja, siku ambayo viungo vinauma, ni kuuliza moyo ukajibiwa na kidole. Chagua moja kulingana na unachotaka kujua.

ESR sitaichukua tena. Njia ya Westergren ni ya mwaka 1921 na ni nzuri kwa urahisi wake: damu inasimamishwa kwenye mrija mrefu, baada ya saa moja wanaangalia chembe nyekundu zimezama milimita ngapi. Mchochota ukiwepo, protini kama faibrinojeni huzishikanisha chembe, zinazama haraka. Shida ni kwamba upungufu wa damu pia huziharakisha, umri huziharakisha, ujauzito pia, na wanawake huwa juu kuliko wanaume. Yangu ilikuwa juu, na himoglobini yangu siku hiyo ilikuwa chini kwa sababu nisizoona haja ya kuzieleza hapa. Daktari aliipita bila kusimama. CRP ikiwepo, ESR kwa mtu kama mimi inaongeza kelele tu.

Uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti ni hadithi nyingine. Tafiti nyingi zimeukuta uko juu kidogo kwa wenye soriasisi, na kwa wengi hushuka matibabu yakishika. Kwangu nyutrofili zilikuwa 4.8 na limfosaiti 1.6, yaani 3. Raundi ya pili 3.4 kwa 1.9, kama 1.8. Umeshuka, na ngozi nayo imetulia, kwa hiyo sina ugomvi na mwelekeo. Ugomvi wangu ni kwamba umewekwa kwenye kifurushi kama kipimo kamili wakati ni hesabu ya kugawanya. Tarakimu zote mbili ziko kwenye picha kamili ya damu uliyokwishalipia. Chukua simu, gawanya. Pia hakuna mpaka uliokubalika wa kusema hapa ni salama na hapa ni hatari kwa soriasisi. Vidonge vya steroidi hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, jipu la jino hufanya hivyohivyo, na uvutaji sigara huzipandisha nyutrofili. Utazame kwa muda mrefu, wewe kwa wewe, usiutazame kwa siku moja wala usijilinganishe na jirani.

Sasa saitokini, na hapa ndipo nilipopoteza usingizi.

Raundi ya kwanza IL-17A yangu ilitoka chini ya kiwango ambacho chombo kinaweza kuona. Nilikuwa na mabaka kiwiko hadi mkono, kichwa kinawasha mpaka nashindwa kukaa kwenye kikao, na karatasi inasema intalukini 17 haionekani. Raundi ya pili ngozi ilikuwa safi, vidole vinakunja, na IL-17A ikaja juu mno, mshale mwekundu unaoelekea juu, na chini yake sentensi iliyochapwa na mashine: mfumo wako wa kinga umecharuka, onana na daktari haraka. Mtu ambaye ametoka kulala usiku wa kwanza bila kujikuna kwa miaka anasoma sentensi hiyo. Wazo la kwanza ni kwamba dawa imeshindwa na ugonjwa uko njiani unarudi.

Daktari wangu wa ngozi alinieleza kwa utulivu, na baadaye nikasoma nikaona ni jambo linalojulikana, limeandikwa hata kwenye maelezo rasmi ya dawa yenyewe. Sekukinumabu ni kingamwili inayoishika IL-17A na kuizuia isifike kwenye seli za ngozi. IL-17A ikiwa peke yake huondolewa kwenye damu upesi. Ikishikwa na dawa, inakaa kwa muda ambao dawa inakaa, na nusu ya dawa hiyo huchukua takriban majuma manne kuondoka. Kwa hiyo IL-17A iliyofungwa inalundikana kwenye damu, haiwezi kufanya lolote, lakini chombo cha maabara kinahesabu yote, iliyo huru na iliyofungwa. Tarakimu ile kubwa ilikuwa inanihesabia wafungwa. Kwa mgonjwa wa dawa hii, IL-17A kupanda ni jambo linalotarajiwa dawa ikiwa kazini.

Fomu ya maabara ilikuwa na mahali pa kuandika dawa unazotumia. Niliandika jina la dawa kwa herufi kubwa, na tarehe ya sindano ya mwisho. Hakuna aliyelitumia. Mashine ililinganisha tarakimu yangu na ya mtu asiyetumia dawa yoyote, ikachapa onyo. Hili ndilo lalamiko langu kubwa dhidi ya huduma hii, na nimewaandikia. Kuna watu ambao wangeacha sindano kwa sababu ya mshale ule. Kuacha ovyo kunaweza kurudisha ugonjwa, na kuna wanaorudi kwenye dawa ileile wakakuta haiwafai kama mwanzo. Kama maabara inauza kipimo hiki kwa wagonjwa wa soriasisi, basi inajua kwamba wanaonunua wako kwenye dawa. Haiwezi kutoa majibu kana kwamba hawako.

Watafiti wanaotaka kujua kama njia ya intalukini 17 imezimwa kweli wanatazama kitu kingine, protini iitwayo beta-defensini 2. Hii hutolewa na seli za ngozi zenyewe zinapopigwa na intalukini 17. Kwenye damu ya wenye soriasisi hupanda na kushuka pamoja na ukali wa ngozi, na dawa ikianza hushuka mapema. Ina mantiki: badala ya kuhesabu barua zilizotumwa, unaangalia kama mpokeaji ametii. Kwenye kifurushi haimo, na kwenye kliniki za kawaida bado haitumiki kuamua dawa.

IL-6 na TNF alfa sitazisemea sana. Hubadilika kwa saa za mchana na usiku, na damu ikikaa muda mrefu kwenye kichupa kabla ya kutenganishwa, seli zilizomo zinaendelea kufanya mambo yao na tarakimu inaharibika. Vifaa vya kampuni mbili vinaweza kutoa majibu mawili kwa sampuli moja. Raundi zote mbili zangu zilikuwa "ndani ya kawaida", moja nikiwa mgonjwa na moja nikiwa nafuu. Hazikumsaidia daktari kuamua chochote.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayofanya damu isiione ngozi vizuri, na nadhani kila mgonjwa anastahili kuambiwa. Baka linapopona, baadhi ya seli T hazirudi kwenye damu. Zinabaki palepale kwenye ngozi inayoonekana safi, zikiwa na kumbukumbu. Ndiyo maana ukiacha dawa baka hurudi mahali palepale lilipokuwa, kiwiko kilekile, ukingo uleule wa nywele. Seli hizo haziko kwenye mshipa wa mkono, kwa hiyo sindano ya maabara haizichoti. Damu inaweza kuwa shwari kabisa huku ngozi imehifadhi kila kitu.

Kwa hiyo kipimo cha ngozi bado ni ngozi. Daktari wangu hutumia PASI, alama iliyoanzishwa mwaka 1978, toka 0 hadi 72: anatazama wekundu, unene na magamba kwenye kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, na eneo lililoathirika. Mimi nilitoka 14 hadi chini ya 2. Kuna na fomu ya maswali kumi, 0 hadi 30, inayouliza kama umeona aibu, kama umeshindwa kazi, kama ndoa imeguswa. Hakuna tarakimu kwenye karatasi ya maabara iliyonieleza vizuri kama fomu ile.

Kile ambacho kingenifaa na hakikuwamo ni kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu na kingamwili zinazoipinga. Kwa wanaotumia adalimumabu hili ni la msingi zaidi, kwa sababu mwili wa baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa, dawa ikapungua kwenye damu, ngozi ikaanza kurudi. Damu huchukuliwa kabla tu ya sindano inayofuata, dawa ikiwa chini kabisa, na kwa soriasisi utafiti uliwahi kupendekeza kiwango cha kati ya 3.5 na 7 miligramu kwa lita. Kipimo cha namna hiyo daktari anaweza kukifanyia kazi: dozi iongezwe, au dawa ibadilishwe kwa ya kundi jingine. Ningefurahi kuona maabara inaziondoa saitokini kwenye kifurushi na kuweka hiki badala yake.

Vimeng'enya vya ini na picha kamili ya damu, ambavyo kijaratasi kilivitaja kwa mstari mmoja mwembamba, ndivyo vilivyonifaa kuliko vyote. Wakati wa methotreksati, kimeng'enya kimoja cha ini kilipanda, daktari akapunguza dozi, kikashuka. Methotreksati ya soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine anaweza kuharibu uboho, na dalili ya kwanza kwenye karatasi ni chembe nyeupe na chembe sahani kushuka. Yeyote anayeitumia asiruke kipimo hicho hata kama ngozi imependeza. Kwenye sekukinumabu nako nyutrofili hutazamwa, kwa sababu kwa wachache hushuka. Ukipata utando mweupe mdomoni mwambie daktari, maana intalukini 17 ndiyo inayotulinda na fangasi wa kandida.

Neno kwa wenye soriasisi ya usaha, ile ya homa na vipele vya usaha mwili mzima. Kwenu damu ina mengi ya kusema: nyutrofili na CRP hupanda kwa kasi, chumvi na madini huweza kuvurugika. Njia yake kuu ni intalukini 36, na dawa yake mahususi, spesolimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Lakini damu hiyo hupimwa hospitalini mkiwa kitandani. Msipange foleni ya kifurushi mkiwa na homa na ngozi inayochubuka. Nendeni idara ya dharura.

Majibu huja kwa simu, kwenye programu yao, yakiwa na nenosiri, na grafu inayounganisha raundi zako. Grafu ni nzuri, imenisaidia kumwonyesha daktari mwelekeo bila kubeba mafaili. Majibu ya kifua kikuu yalichelewa kuliko mengine, jambo la haki ukizingatia vichupa hulala kwenye joto usiku kucha. Simu ya huduma inapokelewa na mtu, na aliyepokea aliponisikia nikieleza kuhusu IL-17A hakubishana. Alichukua maelezo na akanirudia na jibu la msimamizi kwamba sentensi ile ya onyo itaondolewa kwa wateja walioandika dawa ya kundi hilo. Sijaona karatasi mpya bado.

Niliuliza pia kama naweza kuchukua vipimo kimojakimoja badala ya kifurushi. Wanaruhusu, ila lazima uombe kaunta, hakijaandikwa popote. Raundi ijayo nimeshaandikisha picha kamili ya damu, ini, figo, CRP moja kwa miligramu kwa lita, na kipimo cha kifua kikuu pale daktari atakaposema muda wake umefika.